Mkeka wa Ukindu na Malipo ya Msukaji



Twapenda kusema habari ya kitu ambacho wengi wenu mmekikalia hivi sasa, ila wakubwa waliopewa viti. Kitu hicho ni mkeka.

Hapana nyumba ya pwani, tangu Pemba hata Mafia, isiyoujua. Mgeni hutandikiwa mkeka, na mtoto hulazwa juu yake. Lakini katika sisi wanaume, ni wangapi wajuao kazi iliyomo ndani yake?

Mama huenda penye majimaji kutafuta mkindu, akakata kuti changa lisilofunguka bado. Huchambua ukindu, akauanika juani hata ukawa mweupe. Unaotakiwa rangi huchemshwa. Zamani nyeusi ilitoka katika mdaa, na siku hizi wengi hutumia rangi za dukani. Kisha huuchana vipande vyembamba vilivyo sawasawa, na hapo ndipo fundi hujulikana. Huulowanisha kidogo usikatike, ndipo aanze kusuka ukili, utepe mrefu wa upana wa vidole vichache. Ukili huo husukwa siku nyingi, baina ya kulima na kupika. Mwisho kili hushonwa ubavu kwa ubavu kwa shazia, na nakshi za ukili mmoja hazina budi kukutana na za wa pili. Aliyekosa hesabu mwanzoni hulionea kosa lake hapo.

Basi mchuuzi hufika, akautazama mkeka, akasema, "Haya ni majani tu." Jambo hili latusikitisha sana. Seremala akileta mlango, hatumwambii kuwa ule ni mti tu.

Kweli, mikeka ya plastiki imeenea, nayo ni rahisi kuosha, hatuwalaumu wainunuao. Lakini usiku wa joto, alalaye juu ya ukindu huijua tofauti. Na anunuaye ukindu na atazame vema. Sisi wenyewe tulipata kununua mkeka mjini kwa bei ya chini, tukaufurahia. Mvua ilipovuja, rangi yote ikahamia katika shuka nyeupe za mgeni wetu. Tangu siku ile hupangusa pembe ya mkeka kwa kitambaa kibichi kabla ya kutoa fedha, tena huupindua na kutazama mishono.

Liko neno moja kwa wakubwa. Mkindu hukua kwa kilele chake. Moyo ukikatwa, shina lile hufa. Akina mama wazee hukata kuti moja moja wakaliacha shina lipone, lakini wako wakatao yote wapate mzigo wa kuuza, na wengine huchoma bonde zima wapate shamba. Twaomba kila kijiji kitenge mahali pa mikindu pasipochomwa. Mkindu waweza kupandwa kwa mbegu, au kwa chipukizi zitokazo shinani.

Na ninyi waalimu, twawaomba kazi ndogo ya kalamu. Mama akianza mkeka, andikeni siku ya kukata ukindu, na kila siku aliyosuka na kushona. Mchuuzi akija na kusema ni majani tu, asomewe karatasi ile kwanza, ndipo bei itajwe.