Kuuza Picha za Sinema za Chini ya Bahari

(Hotuba iliyotolewa mbele ya wajumbe wa vyama wanachama)



Nimeombwa nizungumze juu ya biashara iliyo ngeni katika vyama vyetu vya pwani, nayo ni kuuza picha za sinema zilizopigwa chini ya bahari. Baadhi ya vijana wetu wapiga mbizi sasa wana kamera zao wenyewe, na wanunuzi wameanza kuwafuata mmoja mmoja. Ni wajibu wetu kuielewa biashara hii kabla haijatupita.

Jambo la kwanza ni kujua kinachouzwa. Gunia la kahawa likiuzwa limekwenda, wala mkulima hawezi kuliuza mara ya pili. Picha ya sinema haiko hivyo. Mara nyingi mnunuzi hana haja ya kuimiliki. Haja yake ni ruhusa ya kuitumia katika filamu yake. Ruhusa hiyo yaweza kutolewa kwa kituo cha televisheni leo, kwa jumba la makumbusho mwakani, na kwa chuo kikuu mwaka wa tatu, na kipande kile kile kikabaki mikononi mwa mwenyewe. Kwa Tanzania Bara, haki hiyo ya mwenye kazi inalindwa na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999. Lakini sheria haimsaidii mtu aliyekwisha kuiuza haki yake yote kwa sahihi moja.

Tutazame mfano wa Australia. Mwaka 1962 Ron Taylor na mwenzake Ben Cropp walitengeneza filamu juu ya wawindaji wa papa, wakaiuza kwa televisheni. Huko ndiko kujitegemea: gharama ni yako, na kazi ni yako. Mwaka 1974 Ron na mkewe Valerie walipewa kazi ya kupiga picha za papa weupe kwa ajili ya filamu ya Jaws, iliyotoka mwaka 1975. Papa mmoja alinaswa katika kizimba kitupu, akakitikisa kwa nguvu, na picha hiyo ilikuwa ya ajabu hata watengenezaji wakabadili hadithi yao ili ipate nafasi. Hiyo sasa ni kazi ya kuagizwa. Katika kazi ya namna hiyo, mapatano ndiyo yanayoamua ni nani mwenye picha, hata kama kilichopatikana kina thamani kubwa kuliko kilichotarajiwa. Kwa hiyo mpiga picha na aulize kabla hajaingia majini.

Jambo la pili ni thamani. Kamera zimekuwa rahisi kupatikana, na picha za samaki wa kawaida wa matumbawe zimejaa kila mahali. Kinacholeta bei ni uadimu na ubora. Maji humeza rangi nyekundu kwanza. Katika kina cha mita 10 sehemu kubwa ya rangi hiyo imekwisha kupotea, na asiye na taa hurudi na picha za kibuluu tupu. Tena mhariri hutaka kipande kilichotulia, kisichotikisika, chenye mwanzo na mwisho. Hapo mwenyeji ana faida kubwa. Potwe huonekana karibu na Kilindoni, Mafia, hasa kati ya Oktoba na Machi. Mgeni hukodi chombo kwa siku chache na huenda asimwone. Mwenyeji anaweza kungoja msimu mzima.

Jambo la tatu ni daftari. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Kila kipande kiandikiwe tarehe, mahali, kina, jina la kiumbe na jina la aliyekipiga, na nakala zihifadhiwe mahali pawili. Picha isiyo na maelezo ni kama gunia lisilo na alama ghalani. Kibali nacho kihifadhiwe pamoja nayo, kwa sababu mnunuzi makini hatanunua picha zilizopigwa bila ruhusa katika hifadhi ya bahari.

Mkataba unapoletwa, tuulize maswali manne. Picha itatumika katika kazi gani? Katika nchi zipi? Kwa miaka mingapi? Je, mnunuzi anataka awe peke yake? Akitaka kuwa peke yake, na alipe zaidi, tena kwa muda uliotajwa. Maneno “haki zote, milele” yasitiwe sahihi kabla ya kusomwa na Kamati.

Ndugu Wajumbe, mpiga picha mmoja hana nguvu ya kukataa masharti mabaya. Wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro walilijua hilo katika zao lao walipounda KNCU mwaka 1933. Wapiga picha nao walilijua: mwaka 1947 Robert Capa, Henri Cartier-Bresson na wenzao waliunda Magnum, shirika la ushirika linalomilikiwa na wapiga picha wenyewe, na msingi wake ukawa kwamba hakimiliki hubaki kwa aliyepiga picha. Shirika hilo liko mpaka leo.

Napendekeza basi vyama vyetu vya pwani vianzishe ghala moja la picha chini ya Muungano. Kila kipande kibaki mali ya mwanachama aliyekipiga. Muungano uweke daftari, usimamie mikataba, na ukate ushuru utakaokubaliwa na mkutano mkuu. Wanunuzi wapewe bei moja na mlango mmoja. Tusipofanya hivyo, watoto wetu wataiona bahari yao katika filamu za wengine, na kila watakapotaka kuitumia picha iliyopigwa na baba zao, itawabidi wailipie.