Stesheni Bila Treni

Wilayani Nachingwea, mkoani Lindi, kuna kata inaitwa Stesheni. Usihangaike kuuliza treni inaondoka saa ngapi. Reli iliyokuwa ikija huku kutoka Mtwara ilifungwa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Treni imekwenda zake, jina limebaki.

Hadithi ya jina hilo ni hadithi ya biashara. Mwaka 1946 Waingereza, wakiwa na njaa ya mafuta ya kula baada ya vita, walituma watu watatu kuja kuangalia kama karanga zinaweza kulimwa Afrika Mashariki. Wakazunguka wiki tisa, wakarudi kwao na andiko. Na andiko lilikuwa zuri kweli kweli: zaidi ya ekari milioni 3, sehemu kubwa hapa Tanganyika, katika Kongwa, Urambo na Nachingwea. Mwaka uliofuata kazi ikaanza. Matrekta yakaletwa, mengine yametengenezwa kutokana na vifaru vya vita. Reli ikalazwa, bandari ya Mtwara ikajengwa. Kilichokosekana ni mtu wa kusema: jamani, tulime kwanza ekari chache, tuione mvua ya huku na udongo wake. Januari 1951 serikali yao ikafunga daftari. Pauni zipatazo milioni 36 zilikuwa zimeshakwenda na maji.

Naikumbuka hadithi hiyo kila nikisikia watu wakibishana kuhusu vyuo vikuu na ujasiriamali. Maana vijana wetu wengi wanaosoma biashara wanafundishwa jambo lile lile walilolijua wale Waingereza: kuandika andiko. Miaka mitatu mwanafunzi anaandika andiko, anasahihishiwa, anapewa alama. Siku ya mahafali anavaa joho, anarudi Ruangwa na cheti cha biashara, na hajawahi kumuuzia mtu hata kiberiti.

Zipo shahada za namna nyingine. Huko mwanafunzi hangoji kuhitimu ndipo afungue biashara. Anaifungua akiwa bado anasoma, na biashara hiyo ndiyo darasa lake. Katika mji wa Jyväskylä, nchini Finland, mwalimu Johannes Partanen alianzisha mpango wa aina hiyo mwaka 1993, unaitwa Tiimiakatemia. Wanafunzi wanaunda kampuni yao, wanatafuta wateja wa kweli, wanatoa ankara za kweli. Na kampuni zile wanazisajili kama ushirika. Msikilizaji wa Ruangwa na Nachingwea, neno hilo si geni kwako. Kule Costa Rica nako kuna chuo kikuu cha kilimo kiitwacho EARTH, kilichoanzishwa mwaka 1990. Wanafunzi wanajikusanya kikundi, wanakopeshwa na chuo, wanazalisha, wanauza, wanarudisha mkopo. Kinachobaki wanagawana, na kama hakikubaki kitu wanakaa chini kuulizana kwa nini.

Hapa nyumbani hatuko mikono mitupu. Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro, kina SUGECO, ushirika wa wahitimu wajasiriamali ulioanza mwaka 2011. Chuo Kikuu cha Iringa kina Kiota, kituo cha kulelea biashara changa. Ni kazi nzuri. Lakini kwa sehemu kubwa vitu hivi vinatembea kando ya shahada. Anayetaka anaingia, asiyetaka anapita nje na joho analivaa vile vile.

Nalisema hili leo kwa sababu elimu ya juu inasogea mlangoni kwetu. Kupitia mradi wa elimu ya juu uitwao HEET, uliopata dola milioni 425 za Benki ya Dunia, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kinaleta kampasi mkoani Lindi. Sasa ndio wakati wa kuuliza: mtoto wetu atakayesoma pale atafanya nini mikononi mwake, ukiacha kushika kalamu?

Tumchukue kijana mmoja wa kubuni. Kwao ni Mbekenyera, Ruangwa. Likizo yake ndefu inaanza mwezi wa saba. Mwezi huo mikorosho inatoa maua, na ubwiri unga unayanyemelea. Mkulima anahitaji salfa, anahitaji mashine ya kupulizia ya mgongoni, na zaidi ya hayo anahitaji mtu mwenye nguvu wa kuibeba alfajiri kabla upepo haujaamka. Wazee wengi wana mikorosho, mashine hawana, na mgongo umechoka. Hiyo ni biashara. Kijana na wenzake wanne wakikopeshwa na chuo mashine mbili, kazi ipo hadi likizo inakwisha.

Lakini sikiliza mtihani unapoanzia. Mzee hana pesa mwezi wa saba. Atakwambia, mwanangu, nipulizie, tutaonana korosho zikiuzwa. Korosho zinaanza kuuzwa Oktoba, zinakwenda Novemba na Desemba. Wakati huo kijana amesharudi chuoni, petroli ameshanunua kwa fedha taslimu, na mwenye mkopo anauliza. Faida ipo kwenye karatasi, mfukoni hamna nauli. Hakuna kitabu kitakachomfundisha somo hilo kama litakavyomfundisha tumbo lake mwenyewe. Basi itabidi afikiri. Je, aende Amcos, chama cha msingi cha ushirika cha wakulima, kabla ya kuanza kazi, aombe deni lake likatwe mkulima atakapolipwa? Viongozi watakubali? Mzee atakubali kuandikishana? Kama mnada wa kwanza bei imekuwa mbaya na wakulima wameikataa, yeye ana akiba ya kungoja mnada wa pili?

Au tuseme ameamua kuuza korosho zenyewe. Mwalimu wa mbali amemfundisha kanuni moja: nunua kwa bei ndogo, uza kwa bei kubwa. Akija nayo huku, akazunguka vijijini mwezi wa nane na kibaba mkononi akinunua korosho za watu wenye shida, atakamatwa. Hiyo sisi tunaiita kangomba. Korosho zetu zinapita kwenye mfumo wa stakabadhi ghalani: mkulima anapeleka Amcos, Amcos inapeleka ghalani, na chama chetu kikuu cha RUNALI, yaani Ruangwa, Nachingwea na Liwale, kinaziingiza mnadani. Kijana asiyejua njia hiyo atafungwa kwa kufuata notisi zake za darasani.

Basi abangue. Sawa, apige hesabu. Kilo moja ya korosho karanga, yaani iliyobanguliwa, inakula kilo nne hadi tano za korosho ghafi. Msimu wa 2018 serikali iliponunua kwa shilingi 3,300 kwa kilo, maana yake ni kwamba kilo moja iliyobanguliwa ilikuwa imeshabeba shilingi 13,200 hadi 16,500 kabla ya kuni, kabla ya mifuko, kabla ya kumlipa mama anayebangua huku mafuta ya ganda yakimuunguza vidole. Na zinazovunjika je? Nachingwea ilikuwa na kiwanda kizima cha kubangua, kimoja kati ya vile vilivyojengwa Kusini kwa mikopo enzi za miaka ya 1970. Vingi katika viwanda hivyo viligeuka kuwa maghala. Kabla kijana hajanunua mashine yake ya kwanza, aende akaulize kwa nini. Hiyo nayo iwe sehemu ya shahada.

Najua kuna msikilizaji anayesema: haya tumeyasikia tangu enzi za Mwalimu Nyerere. Ni kweli. Elimu ya Kujitegemea ilitangazwa mwaka 1967, na shule zikawa na mashamba. Mimi nimesoma shule ya namna hiyo. Tulilima karanga, tukavuna, tukapukuchua. Magunia yakaondoka. Karanga zimeuzwa wapi, kwa bei gani, mbegu ililipwa na nani, mpaka leo sijui. Kujitegemea kwetu kuliishia kwenye jembe, na ile hesabu yenyewe hatukuonyeshwa. Ndiyo maana wenzangu wengi walitoka pale wakilichukia shamba, na ukiwauliza biashara ya karanga hawajui hata inaanzia wapi.

Kuna malalamiko mengine pia, na haya ni mazito zaidi. Kijana anasema: mnataka nijiajiri kwa sababu ajira hamna, basi semeni hivyo. Ana haki. Shahada ya namna hii isiwe blanketi la kufunikia upungufu wa ajira. Walimu na wauguzi tunawahitaji, na hao hawatoki kwenye kikundi cha kupulizia mikorosho. Halafu kuna suala la nani anabeba hasara. Mtoto wa tajiri biashara ikifa, baba atacheka. Mtoto ambaye baba yake ameuza ufuta ili apate nauli na godoro la hosteli, biashara ikifa anakufa nayo. Tayari tunawaona wanaotumia bumu, fedha ile ya Bodi ya Mikopo ya kula na kulala, kununulia vitenge vya kuuza bwenini. Vikikaa bila kununuliwa, wanalala njaa.

Kwa hiyo mtaji usitoke kwenye bumu, wala kwenye ghala la mzazi. Utoke chuoni, uwe mdogo, uende kwa kikundi, na kiwango cha hasara kijulikane kabla. Na alama isitolewe kwa faida. Anayefanikiwa kwa sababu msimu ulikuwa mzuri hajamzidi akili aliyepoteza kwa sababu mvua iligoma. Mbaazi zilipoporomoka mwaka 2017, India ilipozibania, wakulima hodari na wavivu walianguka pamoja. Alama itolewe kwa daftari: umeandika kila shilingi iliyoingia na iliyotoka, na unaweza kueleza ilipopotelea.

Nimeanza na karanga, nimalize nazo. Baada ya Waingereza kuondoka na matrekta yao, karanga hazikuachwa. Watafiti wa Naliendele, pale Mtwara, waliendelea nazo katika vishamba vya majaribio, mstari kwa mstari, msimu kwa msimu. Mwaka 2009 zilitoka aina mpya za mbegu. Mojawapo inaitwa Nachingwea.

Ningependa chuo kitakachokuja Lindi kijifunze kwenye vishamba vile. Na mtihani wa mwisho usifanyikie ukumbini. Ufanyikie chini ya mwembe, siku ya mkutano wa Amcos. Kijana asimame na daftari lake mbele ya wale aliowapulizia mikorosho, asome: Mzee fulani, mikorosho yako 40, deni lako hili, umelipa hili, limebaki hili. Kama kuna tarakimu ya uongo, hapo hapo atasikia miguno. Wakinyamaza mpaka ukurasa wa mwisho, mpeni joho lake.

Hayo ni maoni yangu.