Kupatana Bei ya Chombo Kilichokwisha Tumika
(Hotuba iliyosomwa kwa niaba ya Kamati mbele ya Mkutano Mkuu wa kutimiza miaka kumi ya Chama)



Katika sherehe ya leo wengine wamepewa kazi ya kusimulia jinsi Chama kilivyoanza, na wengine kazi ya kusoma hesabu. Sisi tumepewa kazi iliyo ndogo kwa sura, nayo ni kueleza jinsi tulivyonunua vyombo vyetu viwili vya baharini. Kwa kuwa Mkutano huu utaombwa jioni ya leo kuidhinisha fedha za kununua cha tatu, imetupasa tuseme yote, mazuri na mabaya, ili kila mwanachama apige kura yake akijua fedha zake zitakavyotumika.

Wageni wetu waliokuja kwa njia ya bara huenda wasijue hali yetu. Vijiji vyetu vimo ndani ya delta ya Rufiji, na baina ya shamba na barabara pana mito, vijito na mikoko. Mpunga, nazi na korosho zetu hazina njia ila maji, mpaka zifike bandari ya Nyamisati zikapakiwe garini. Tangu mfumo wa stakabadhi ghalani ulipoanza kutumika katika zao la korosho mwaka 2007, ghala na mnada ndiyo maisha ya mkulima wa zao hilo. Korosho isiyofika ghalani kwa wakati hukosa mnada, na mkulima aliyekosa mnada humwangukia mnunuzi wa kangomba, apimiwe kwa kopo lisilo la haki. Kwa hiyo chombo kwetu ni sehemu ya bei ya korosho.

Mwaka wa pili wa Chama tulinunua mashua yetu ya kwanza. Muuzaji alikuwa mtu binafsi, na jina lake hatulitaji, kwa maana kosa tunalolisimulia ni letu. Mashua ilikuwa imepakwa rangi mpya, buluu na nyeupe, ikielea majini kama bibi arusi. Alitaka shilingi 9,000,000. Tulimvuta siku mbili, tukimwambia kuwa sisi ni maskini, na kuwa bei yake ni ya kuwauzia wageni. Siku ya tatu akakubali 7,000,000. Tulirudi vijijini kwa vigelegele, tukitangaza kuwa tumekiokolea Chama shilingi 2,000,000.

Ndugu wanachama, hatukuokoa kitu. Hatukuipweleza mashua ile hata mara moja tukatazama chini yake. Mwezi wa nne mabaharia walikuwa wakifua maji usiku na mchana, na safari moja gunia za korosho zilifika Nyamisati zimelowa, zikakataliwa ghalani. Fundi alipobandua mbao mbili tulikuta mkuku umeoza, na wadudu wa baharini wametoboa mbao kama chekecheke. Rangi ile mpya ilikuwa imeufunika ugonjwa. Wanachama waliopata hasara wapo hapa leo. Baadhi yao waliacha kuleta mazao yao Chamani kwa msimu mzima, na hatukuwa na la kuwajibu.

Funzo la kwanza tulilolipata ni hili: punguzo linalohesabiwa kutoka kinywani mwa muuzaji si faida. Yule aliyetaja 9,000,000 angaliweza kutaja 12,000,000, nasi tungalishangilia zaidi. Kila mwamba ngoma huvutia kwake. Bei ya kuanzia sharti itoke katika chombo chenyewe.

Funzo la pili ni la sheria. Tulipotaka kumdai muuzaji, tulielezwa kuwa Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 214, humlinda zaidi anayenunua kwa mfanya biashara wa bidhaa za namna ile. Anayenunua kwa mtu binafsi, pasipo ahadi yoyote juu ya hali ya kitu na pasipo udanganyifu unaoweza kuthibitishwa, kwa kawaida hukichukua kama kilivyo. Macho yetu wenyewe ndiyo yaliyokuwa mlinzi wetu, nasi tulikuwa tumeyafumba.

Tulikaa bila chombo, tukikodi, mpaka mwaka wa nne. Ndipo tuliposikia kuwa mzee mmoja, nahodha wa siku nyingi, anauza mashua yake yenye mashine ya dizeli. Alitaka shilingi 14,000,000. Safari hii hatukusema neno juu ya bei. Tulimwamkia, tukanywa kahawa yake, tukamwomba ruhusa ya kuitazama mashua siku ya bamvua.

Twaeleza kwa nini siku ya bamvua. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu maji hujaa sana na kupwa sana. Chombo kikiachwa pwani hulala mchangani kikavu kwa saa kadhaa, na mtu aweza kukizunguka kutoka omo hata tezi. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, nasi tuliinama. Fundi wetu wa vyombo alikuwa na nyundo ndogo na kisu. Aligonga kila ubao: mzima hulia, uliooza hunyamaza. Alichoma kisu penye maungo ya mkuku na fashini, mahali panapokaa maji ya mvua, kwani maji matamu huozesha mbao upesi kuliko maji ya chumvi. Kisha akaingia ngamani, akashika mataruma moja moja. Akatazama kutu ya misumari na hali ya kalafati.

Mashine nayo ina adabu zake. Tulifika mapema, tukaweka kiganja juu yake kabla haijawashwa. Mashine iliyokwisha pashwa moto kabla ya mnunuzi kufika huficha ugumu wa kuwaka asubuhi. Hii ilikuwa baridi, na ikawaka. Tulitazama mafuta yake ya kulainisha: yakiwa meupe kama maziwa, maji yameingia. Tulitazama moshi: wa rangi ya samawati maana yake mashine inachoma mafuta hayo ya kulainisha. Moshi huo tuliuona kidogo, tukauandika. Maji yalipojaa tulisafiri nayo saa mbili, ikiwa na mzigo wa mchanga, kwa sababu chombo kitupu hakisemi kweli.

Jioni fundi alitupa hesabu hii. Mbao tano za kubadili, kila moja 150,000 pamoja na kazi, jumla 750,000. Mataruma sita, kila moja 100,000, jumla 600,000. Kalafati na deheni, 450,000. Mashine, 800,000. Jumla kuu shilingi 2,600,000. Sisi nasi tulikuwa tumeuliza habari za vyombo vitatu vya kadiri ile, vizima, vilivyouzwa karibuni pwani yetu. Kimoja kiliuzwa 12,000,000, kimoja 12,500,000, na kimoja 13,000,000. Tukatoa matengenezo, tukapata bei ya chini 9,400,000 na bei ya juu 10,400,000. Kamati iliziandika katika daftari la kumbukumbu, ikatia sahihi, ikakubaliana kuwa hapana mjumbe atakayevuka ile ya juu pasipo kurudi kwenye kikao. Mali bila daftari hupotea bila habari.

Tulimteua msemaji mmoja, wengine wakanyamaza. Katika ununuzi wa kwanza tulisema wote, na mmoja wetu aliisifu mashua mbele ya mwenyewe, mwingine akasema msimu umekaribia nasi hatuna chombo. Muuzaji hakuhitaji tena kutuuliza kitu.

Msemaji wetu hakuitukana mashua. Chombo cha nahodha ni kama mwanawe, na anayekitukana hujifungia mlango. Alisema, “Mzee wetu, chombo chako kimekulea na kimetulea sisi sote, maana baba zetu walipanda humu. Lakini fedha hizi si zetu, ni za wakulima, nao watatuuliza. Tazama tulichokiona.” Akamsomea daftari, ubao kwa ubao, kisha akataja 9,400,000.

Mzee alisikiliza mpaka mwisho. Akasema, “Wanangu, mmekuja na hesabu, nami nitawajibu kwa hesabu. Mbao mbili katika hizo tano ni nzima. Mwiteni fundi wenu azipige tena.” Fundi alikwenda, akazipiga, akazichoma kisu, akarudi akasema mzee ana haki. Tulifuta shilingi 300,000 palepale mbele ya macho yake. Matengenezo yakawa 2,300,000. Mzee akashuka hadi 12,000,000, akasema tulale, tuonane asubuhi.

Usiku huo, ndugu wanachama, ndio usiku tunaotaka muukumbuke. Mjumbe mmoja alileta habari kuwa mke wa mzee yu mgonjwa hospitalini, na kwamba mzee anahitaji fedha kabla ya juma kwisha. Mwingine wetu, kijana mwenye bidii na mapenzi ya kweli kwa Chama, akasema, “Basi tuondoke. Tusionekane siku tano. Atatufuata mwenyewe, naye atakubali 8,000,000.”

Hatukumkemea, kwani hesabu yake ilikuwa sahihi. Huenda mzee angalikubali hata chini ya hapo. Tulijadiliana hata usiku wa manane. Wapo waliosema kuwa huruma kwa mali ya watu wengine ni rahisi, na kuwa mkulima aliyelowesha korosho zake ana haki ya kupata kila shilingi tunayoweza kuiokoa. Neno hilo lilikuwa zito, na hatukuwa na jibu jepesi.

Mwishowe mama mmoja wa Kamati, ambaye mumewe aliwahi kuuza korosho zingali mtini, alisema maneno tuliyoyaandika katika daftari: “Mnunuzi wa kangomba hakuwa akiangalia korosho. Alikuwa akiangalia chungu chetu, kama kina kitu jikoni. Akiona hakina, ndiyo bei. Sisi tuliunda Chama ili asituangalie tena chungu. Kesho tukamwangalie mzee chungu chake?”

Baada ya hapo hapakuwa na mjadala mrefu. Tulikata shauri kuwa tutalipa bei ya chombo, wala hatutalipa bei ya shida ya mwenye chombo. Tulikata shauri pia kuwa hatutaongeza hata shilingi moja kwa ajili ya shida hiyo, kwa kuwa sadaka hutoka mfukoni mwa mtoaji, haitoki katika hazina ya wanachama. Waliotaka kumsaidia walichanga fedha zao wenyewe, wakampelekea baadaye.

Asubuhi msemaji alimweleza mzee waziwazi jinsi tulivyohesabu: bei ya katikati ya vyombo vizima 12,500,000, kutoa matengenezo 2,300,000, inabaki 10,200,000, pamoja na tanga, nanga na kamba zake. Mzee alinyamaza kitambo. Kisha akasema, “Sina la kuongeza, maana sina la kupunguza katika hesabu hii.” Tukapeana mikono.

Hatukutoa fedha zote siku ile. Tulitoa arbuni ya 1,000,000 kwa maandishi mbele ya mashahidi wa serikali ya kijiji. Siku ya pili tuliyahakiki mambo matatu: kwamba mashua ni yake peke yake na si ya urithi wenye wadai wengine, kwamba haikuwekwa rehani, na kwamba leseni na hati za ukaguzi zinalingana na chombo chenyewe. Siku ya tatu fedha zilizobaki, 9,200,000, zililipwa kwa njia ya benki, hati ya mauzo ikatiwa sahihi, naye akawahi hospitali.

Alipokwisha kulipwa, mzee alimshika mkono nahodha wetu, akamwingiza ndani ya mashua, akamwonyesha ufa chini ya mlingoti, mahali unapokaa juu ya mkuku. Akasema, “Fundi wenu hakuuona huu. Utengenezeni kabla kusi haijakaza.” Matengenezo yake yalitugharimu 150,000. Wapo waliosema mzee alituficha. Ni kweli, alituficha mpaka bei ilipokwisha, nasi hatumsifu kwa hilo. Lakini muuzaji aliyekamuliwa angaliuacha ufa ule uonekane katikati ya mlango wa mto, mzigo ukiwamo na watu wakiwamo.

Mashua ile ndiyo iliyopakia korosho zenu msimu uliopita. Haijakosa mnada hata mmoja kwa kosa lake.

Ndugu wanachama, jioni ya leo tutaomba idhini yenu ya kununua chombo cha tatu. Tunaahidi haya: kitapwelezwa kabla ya kutajiwa bei, fundi atatoa hesabu yake kwa maandishi, bei ya chini na ya juu zitaandikwa kabla ya mazungumzo, atasema mmoja, na daftari litakuwa wazi kwa mwanachama yeyote atakayetaka kulisoma. Tukishindwa kupatana kwa haki, tutarudi mikono mitupu, nanyi msituone wazembe. Mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani: twendako kote, hesabu yetu itarudi kwenu.

Mungu akibariki Chama chetu, awape wakulima mavuno mema na mabaharia safari njema.