Bima Hununuliwa kwa Jina

Anayenunua redio huiwasha kwanza dukani. Bima ya maisha haijaribiwi. Unalipa miaka 30 ukitegemea jina tu la kampuni. Ndiyo maana kisa cha Equitable Life ya Uingereza kingali kinafaa kusimuliwa.

Ilianzishwa London mwaka 1762, ikiwa miongoni mwa kampuni za kwanza kutoza ada kwa kufuata umri wa mteja. Haikuwa na wanahisa. Wenye bima ndio waliokuwa wenye mali. Madalali haikuwalipa kamisheni, na faida iliigawa karibu yote. Ikasifiwa mno. Wanasheria, madaktari, hata majaji (hao tunaodhani hawadanganyiki!) wakaweka pensheni zao humo.

Kumbe anayegawa vyote habakizi akiba. Hadi mwaka 1988 iliuza bima zenye ahadi ya kiwango maalumu cha pensheni. Riba iliposhuka miaka ya 1990, ahadi hiyo ikawa ghali, nayo kampuni ikawapunguzia bonasi wale walioidai. Julai 2000 mahakama ya juu kabisa ya Uingereza ikakataa: ahadi ni ahadi.

Lakini nani alipe? Mwenye hisa hakuwapo. Desemba 2000 ikaacha kupokea wateja wapya, na Julai 2001 ikakata asilimia 16 ya thamani ya pensheni, hata za wasiopewa ahadi yoyote.

Serikali, iliyolaumiwa kwa usimamizi mbovu, ilitangaza fidia ya pauni bilioni 1.5 mwaka 2010. Wengi walipata chini ya robo ya hasara yao.