Tufe Halina Ukingo
Mhadhara wa umma, Longbridge, Birmingham



Nina dai moja la kulitetea jioni hii, na nalitanguliza ili mnipime nalo. Mchoro tuliofundishwa shuleni, ule wa barabara na nguzo za umeme zinazokimbilia nukta moja katikati ya karatasi, ni kipande tu cha elimu ya mtazamo, kilichokatwa kikatoshea kwenye karatasi bapa. Elimu yenyewe kamili inakaa kwenye tufe. Tena naamini kwamba kwenye tufe ni nyepesi zaidi kufundishika, na kwamba vyuo vyetu vya sanaa, kuanzia Bagamoyo hadi Makerere, vingefanya vyema kuanzia hapo.

Longbridge ni mahali pazuri pa kuzungumzia jambo hili. Mwaka 1905 Herbert Austin alinunua hapa kiwanda cha uchapaji kilichokuwa kimeachwa, akaanza kuunda magari. Kuanzia 1959 hadi Oktoba 2000 gari dogo la Mini lilitoka hapa, na Aprili 2005 kampuni ya MG Rover ikafilisika, watu wapatao 6,000 wakakosa kazi. Wapo wazee katika mji huu ambao bado wanauhesabu umri wao kwa kiwanda kile. Kwa karibu miaka 100, kazi kubwa ya mahali hapa ilikuwa kukilazimisha chuma bapa kikubali kuwa na mviringo. Bati linalazwa kwenye kalibu, mashine ya kushindilia inashuka kwa uzito wa kutisha, na bati linavutika. Neno muhimu hapo ni kuvutika. Bati unaweza kulikunja kuwa bomba bila kulivuta hata kidogo, lakini ukitaka liwe kama ganda la yai, lazima livutwe mahali fulani na kubanwa mahali pengine.

Sababu aliithibitisha mwanahisabati Carl Friedrich Gauss mwaka 1827. Alionyesha kwamba mbinuko wa tufe ni sifa ya uso wenyewe, haiondoki kwa kukunja wala kukunjua, maadamu hukunyoosha wala hukupasua. Uso bapa hauna mbinuko huo. Kwa hiyo hakuna karatasi itakayolala juu ya mpira bila makunyanzi, wala ganda la chungwa litakalolala mezani bila kupasuka. Fundi wa kiwandani aliijua kanuni hii mikononi hata kama jina la Gauss hakulisikia. Mbunifu wa Mini, Alec Issigonis, anasimuliwa kuwa alifeli hisabati mara tatu alipokuwa mwanafunzi, lakini mabati ya gari lake yalitii kanuni ile ile.

Sasa mgeukie mchoraji. Yeye ana tatizo la fundi kinyumenyume. Dunia anayoiona inamzunguka pande zote, naye anataka kuilaza kwenye ubao bapa. Gauss anamwambia haiwezekani bila kuvuta au kukata, naye akachagua kukata: akachukua dirisha moja la mbele, yaliyobaki akayaacha. Tumelizoea dirisha hilo hata tukadhani ndilo jicho.

Kwamba ubapa unapotosha, wengi wenu mnalijua kwa ibada zenu, mnapotafuta kibla, yaani uelekeo wa Makka. Kutoka Mombasa, Makka iko karibu kaskazini kabisa, kwa sababu miji hiyo miwili inakaribiana sana kwa longitudo. Tumia ramani au tufe, jibu ni lile lile. Ukihamia Birmingham mambo yanabadilika. Weka rula juu ya ramani ya ukutani iliyochorwa kwa mtindo wa Mercator wa mwaka 1569, uunganishe Birmingham na Makka, utapata uelekeo wa nyuzi 134 hivi kutoka kaskazini. Chukua tufe la dunia, vuta uzi ukaze kati ya miji hiyo miwili, na uzi utaondoka Birmingham kwa nyuzi 118 hivi. Nyuzi 16 si jambo dogo kwa mtu anayetaka kusimama sawasawa. Mwanazuoni Al-Biruni alilishughulikia swali la namna hii kwa jiometri ya tufe karibu miaka 1,000 iliyopita, alipokuwa akitafuta kibla cha mji wa Ghazna. Uzi ule uliokazwa unafuata duara kuu, yaani duara ambalo kitovu chake ni kitovu cha tufe lenyewe. Juu ya tufe, hiyo ndiyo njia iliyonyooka.

Mtoto aliyefunga mpira wa makaratasi kwa ajili ya chandimu analijua duara kuu kwa vidole. Kamba aliyoipitisha katikati kabisa hukaa. Aliyoipitisha pembeni huteleza, ikachomoka mpira ukiwa uwanjani.

Twende polepole hapa, maana hapa ndipo penye kiini. Chukulia kwamba umesimama katikati ya chumba, ndani ya tufe la kioo, jicho lako likiwa kwenye kitovu chake. Ibn al-Haytham, mzaliwa wa Basra aliyefariki Cairo karibu mwaka 1040, alitufundisha kwamba nuru husafiri kutoka kwenye kitu hadi jichoni kwa mstari ulionyooka. Kila mwale huo unatoboa kioo mahali pamoja. Weka alama ya rangi pale ulipotoboa, na ukimaliza kioo chote umemaliza picha. Sasa tazama ukingo wa mlango. Ukingo ni mstari ulionyooka, na mstari ulionyooka pamoja na jicho lako hufanya bapa moja. Bapa hilo linapita kwenye kitovu cha tufe, na kila bapa lipitalo kwenye kitovu hulikata tufe kwa duara kuu. Basi kila mstari ulionyooka duniani, juu ya tufe lako, ni sehemu ya duara kuu, isipokuwa ule unaolenga jicho lako moja kwa moja, ambao huonekana kuwa nukta. Mchoraji hahitaji kukisia mpindo. Anahitaji uzi.

Na mistari iliyo sambamba? Ukisimama kati ya reli pale stesheni ya Longbridge (msifanye hivyo, simameni darajani), reli zinakutana mbele yako. Geuka: zinakutana nyuma yako pia. Karatasi ilikuonyesha nukta moja ya kutokomea, kwa kuwa ya pili iko mgongoni. Tufe linazibeba zote mbili, zikiwa zimeelekeana kama ncha mbili za dunia. Chumba cha kawaida kina kingo za aina tatu: za kusimama, za mashariki na magharibi, na za kaskazini na kusini. Kila aina ina nukta mbili, na jumla ni sita.

Historia ya sanaa imepanda ngazi hii, ya kutoka nukta moja hadi sita, hatua kwa hatua. Msanifu majengo Filippo Brunelleschi alionyesha mtazamo wa nukta moja kule Florence mwanzoni mwa karne ya 15, na mwaka 1435 mwanazuoni Alberti akauandikia kanuni. Mwaka 1787 Robert Barker, mchoraji aliyekuwa akiishi Edinburgh, alipewa hataza ya picha ya mzunguko mzima, ambayo mtazamaji anasimama katikati yake. Tangu 1793 Walondon walilipa kiingilio kuzitazama picha hizo katika jengo la duara la Leicester Square. Huo ulikuwa mcheduara, mzuri, lakini wenye ukingo juu na ukingo chini. Aliyefunga kazi ni Dick Termes wa Spearfish, South Dakota, ambaye tangu mwishoni mwa miaka ya 1960 amekuwa akichora juu ya matufe kwa nukta sita, kisha anayatundika yakizunguka taratibu. Ukilitazama tufe lake kwa jicho moja kwa muda, mbinuko wa nje unageuka kuwa uvungu, unajiona uko ndani ya chumba kile, na tufe linaonekana kuzunguka upande wa pili.

Kuna mtego mmoja ambao kila mwanafunzi hunaswa nao. Picha iliyochorwa kutoka kitovuni, ikitazamwa kutoka nje, inakuwa kama ya kwenye kioo: kibao cha duka kinasomeka kinyume. Ukitaka mtazamaji wa nje asome sawasawa, badilisha kushoto na kulia tangu alama ya kwanza. Ukisahau na kubadilisha katikati ya kazi, mashariki na magharibi zitagombana na hakuna rangi itakayozipatanisha.

Vifaa ni vichache. Mpira wa kawaida wa miguu una mzingo wa sentimita 68 hadi 70. Zungushia ukanda wa karatasi, kata pale unapokutana, ukunje mara mbili, na mikunjo inakupa robo za sentimita 17 na ushee. Weka nukta ya juu na ya chini, kisha nne za kiunoni, unganisha kwa uzi. Sasa mpira una pembetatu nane, na kila moja ina pembe mraba tatu. Mwambie mwanafunzi ajumlishe: nyuzi 270. Aliyekaririshwa kwamba pembetatu ni nyuzi 180 atauliza maswali ambayo mwalimu yeyote angependa kuulizwa.

Sisi watu wa pwani hatuingii hapa kama wageni. Kule Kilwa Kisiwani, katika Msikiti Mdogo wa Kuba wa karne ya 15, mafundi walipachika bakuli za kauri ndani ya kuba na dari za matao. Aliyepanga bakuli zile alikuwa akifanya kazi ndani ya uso uliobinuka, akitafuta mpangilio usio na kona ya kuanzia.

Na yupo Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa kusini mwa Tanzania, aliyeanza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968 kwa rangi ya kung'aa ya madukani juu ya vipande vya hadibodi. Alifariki 1972, lakini mkondo wake unaendelea Oysterbay hadi leo. Wachoraji wa mkondo huo wameambiwa mara nyingi kwamba wamekosa mtazamo, kwa vile mnyama wao hujaza ubao mzima na hakuna mistari inayokimbilia mbali. Mimi naona hukumu hiyo imetolewa kwa sheria za dirisha. Mkono uliozoea kujaza uso mzima, usioupa upande mmoja heshima kuliko mwingine, ndio mkono ambao tufe linautaka. Anayetoka kwenye mtazamo wa nukta moja huhangaika kutafuta mbele ya tufe iko wapi, na tufe halina mbele. Ningetamani kuona mchoraji wa Tingatinga akipewa tufe la sentimita 40 na uzi, aachiwe mwaka mzima. Rangi yake ya kung'aa ina tabia ya kutiririka kwenye uso ulioinama, hivyo itambidi apake sehemu ndogo inayotazama juu, asubiri ikauke, ndipo ageuze.

Kwa kikundi chetu cha hapa, napendekeza tufe la kwanza lichorwe Cofton Park, upande wa pili wa kiwanja cha kiwanda. Kaskazini ni pale kiwanda kilipokuwa, ambapo sasa kuna maduka, nyumba na chuo. Kusini vinapanda vilima vya Lickey. Wengi wataanza na kaskazini, kwa kuwa ndiko kwenye habari. Mimi naomba tuanze na nukta ya chini. Hapo kuna majani, viatu vya anayechora, na miguu ya kigoda chake, vitu ambavyo picha ya dirisha haijawahi kuvihitaji. Mizani ya tufe zima hutoka hapo: kiatu kikizidi ukubwa, vilima vinabanwa na anga inapungua. Nukta ya juu iachwe ya mwisho, kwa sababu ndipo ndoano itakapopita, na rangi ya anga itamaliziwa kuizunguka tufe likiwa limeshatundikwa.