Gome la Mti ni Njia ya Chakula Chake

Mazungumzo ya mhamasishaji wa jamii na wakazi wa kambi



Kwa heshima zenu, leo naomba tuzungumze juu ya mti. Wengi wenu mmelima na kufyeka tangu utoto, na mtu anaweza kuuliza, "Kuhusu mti nitafundishwa nini?" Lakini hapa mkoani Kigoma, kando ya njia zetu za kuni, ipo miti ambayo hakuna aliyeikata, nayo inakauka. Tutaelewa sababu tukijua kazi ya kila sehemu ya mti.

Tuanze chini. Mizizi minene huushika mti usianguke. Mizizi midogo, yenye vinyweleo laini, hunyonya maji na chumvichumvi za udongo. Maji hayo hupanda ndani ya mbao nyeupe inayozunguka kiini cha shina, mpaka kwenye majani.

Majani ni jiko la mti. Rangi yake ya kijani hukamata mwanga wa jua. Kwa nguvu hiyo, jani huchanganya maji na hewa ya ukaa inayoingia kwa vitundu vidogo sana, likatengeneza sukari. Hicho ndicho chakula cha mti.

Je, chakula hicho kinafikaje kwenye mizizi? Hushuka ndani ya gome, katika ile sehemu laini yenye unyevu. Chini yake kuna utando mwembamba unaotengeneza mbao mpya na gome jipya. Gome gumu la nje ni nguo ya mti: huukinga na jua, moto na wadudu.

Basi mtu akibandua gome kuzunguka shina lote, kwa ajili ya kamba, dawa au mzinga wa nyuki, ameikata njia ya chakula. Mti haufi siku ile. Majani hubaki mabichi kwa sababu maji bado yanapanda, nasi twasema, "Haukudhurika." Kumbe mizizi imeanza kufa njaa. Akiba yake ikiisha, haiwezi tena kunyonya maji. Majani hunyauka na mti hufa, pengine baada ya miezi mingi. Lakini mti wenye tundu katikati waweza kuishi miaka, maana kiini ni mbao iliyokwisha kufa.

Mwaka 1994, wakimbizi zaidi ya 200,000 kutoka Rwanda waliingia Benaco, wilayani Ngara, kwa siku chache tu. Miti ya karibu ilikwisha upesi, na watu wakalazimika kwenda mbali zaidi kutafuta kuni. Akina mama na mabinti zetu wanajua hatari za safari hiyo. Kila mti unaokufa karibu nasi huirefusha.

Kwa hiyo nawaomba:

1. Usibandue gome kuzunguka shina. Ukihitaji dawa, chukua kipande chembamba cha wima upande mmoja, kisha uache mti huo upone.

2. Usimfunge mbuzi kwenye mti mchanga. Kamba husugua gome, na mbuzi hulitafuna.

3. Usiwashe moto wala kumwaga majivu ya moto kwenye shina.

4. Usichimbue kisiki kibichi. Miti mingi ya miombo huchipua tena, kwa sababu mizizi bado ni hai na ina akiba. Machipukizi yalindwe.

5. Mche umwagilie kwenye udongo unaouzunguka, kwa kuwa mizizi ndiyo inayokunywa.

Wazazi, waelezeni watoto mambo haya mnapokwenda nao kuni. Mwenye swali alilete kwenye mkutano wa mtaa wake.