Madirisha ya Nyumba ya Mabogini



Niliombwa niseme juu ya maisha baada ya kustaafu. Nimefikiri sana, nikaona kwamba mwaka mzima uliopita sikufanya jambo kubwa kuliko kupigana na madirisha. Basi nitasema habari za madirisha. Wale tuliosoma nao useremala watacheka, maana wanakumbuka kile kigoda changu kilichokuwa na miguu mitatu mirefu na mmoja mfupi.

Nyumba niliyoinunua iko Mabogini, kusini ya mji wa Moshi. Sisi tuliozaliwa juu kwenye migomba tulilelewa kuona kule chini kuwa ni mahali pa kulima mahindi na kurudi nyumbani jioni. Siku hizi kihamba kimegawanywa mpaka kitinda mimba hana pa kusimika mafiga, na watu tumeteremka. Mabogini ni joto, na ni mpunga. Mradi wa umwagiliaji wa Lower Moshi, uliokamilika mwaka 1987 kwa ushirikiano na Japani, ndio uliotandaza mifereji na majaruba yale. Penye majaruba pana mbu. Watafiti wa malaria wamefanya kazi pale miaka mingi, na mbu wanayemkuta sana ni Anopheles arabiensis, ambaye hupenda maji yaliyo wazi juani, kama ya jaruba lililopandwa karibuni. Kwa hiyo dirisha la Mabogini limepewa kazi mbili zinazogombana: liingize upepo, na limzuie mbu.

Nyumba ilikuwa na madirisha 11, yote ya mbao na vioo, yamepakwa rangi juu ya rangi. Fremu zilikuwa zimebanduka rangi, na chini kabisa mbao ilikuwa laini kama mkate uliolowa. Mimi na mama watoto tukasema hakuna mjadala, yote yatoke, tuweke aluminiamu. Nikaulizia bei, nikashtuka, lakini nikakubali. Nikamchukua kijana mmoja mwenye nyundo na mtaimbo, tukaanza na dirisha la sebuleni.

Fremu ile haikutoka kwa hiari. Kijana alipiga tangu asubuhi mpaka saa saba mchana. Lipu ikaporomoka pande zote mbili, na tofali mbili za pembeni zikang'oka. Ilipotoka tukaikata vipande, na jioni tukachemshia maharage.

Moshi wa maharage yale ndio ulionileta kwenye akili. Alipita jirani yangu, fundi seremala mzee, akasimama barabarani akinusa. Akabisha hodi, akaingia, akaenda moja kwa moja jikoni. "Mwalimu," akaniambia, "mbona unapikia kampha?"

Ulikuwa ni mkulo, mti ambao mafundi huuita kampha. Wadogo zetu labda hamjaufahamu. Ulikatwa mno katika msitu wa Kilimanjaro, na tangu mwaka 2005 msitu ule umo ndani ya Hifadhi ya Taifa, hakuna wa kwenda kuupasua mbao. Mzee akachukua kipande kilichobaki, akakiparua kwa kisu. Chini ya rangi mbao ilikuwa nzima, na harufu yake ikatoka kana kwamba imepasuliwa juzi. Kilichokuwa kimeoza ni inchi nne za chini tu. Nami nilikuwa nimekwisha kuila pamoja na maharage.

Kesho yake alikuja na bisibisi. Sikuwahi kuona ukaguzi rahisi namna ile. Alichoma fremu moja moja, akianzia chini kwenye pembe, halafu akipanda juu kwenye miimo. Bisibisi ikizama, pameoza, ikikataa, pazima. Katika madirisha 10 yaliyobaki, manne yalitaka kuparuliwa na kupakwa rangi tu. Matano yalitaka kubadilishwa kipande cha chini. Moja, la bafuni, mchwa walikuwa wamelimaliza, limebaki rangi yenye umbo la dirisha.

Nikamwuliza, kama mbao ni nzuri, kwa nini ilioza? Akanitoa nje. Saruji ya chini ya dirisha ilikuwa imeinamia ndani badala ya nje, kwa hiyo kila masika maji yalituama kwenye miguu ya fremu. Na upande wa bafuni mtu alipanda maua, akajaza udongo kwenye ukuta mpaka karibu na dirisha. Mchwa hapendi kutembea juani. Ukimjengea njia ya udongo, atapanda. Tukiweka fremu mpya bila kurekebisha hayo, akasema, baada ya miaka michache tutaonana tena.

Kazi ilichukua wiki kadhaa, na nyingi zilikuwa za kungoja. Mbao za kuungia alizikataa mara mbili kwa sababu zilikuwa mbichi. Mbao mbichi husinyaa ikiwa ukutani na kuacha mwanya. Alikata sehemu iliyooza kwa mshazari, si kwa mkato wa moja kwa moja, ili mbao mpya na ya zamani zipate eneo kubwa la kushikana kwa gundi, kisha akazifunga kwa pini za mbao. Chini ya kipande kipya alichora mfereji mwembamba ili tone la maji lidondoke nje, lisirudi ukutani. Ncha za mbao alizinywesha mafuta ya linsidi, maana mbao hunywa maji kupitia nchani kuliko ubavuni. Halafu praima, halafu rangi ya mafuta mara mbili. Nilipopendekeza oili chafu ya gari alinitazama kwa huruma: inanuka, na rangi haishiki juu yake.

Kuparua nilifanya mwenyewe. Hapo nawaonya wenzangu wenye wajukuu. Rangi nyingi za zamani zilikuwa na risasi, na vumbi lake ni sumu, hasa kwa watoto. Nililowesha kwanza ndipo nikapiga msasa, na mjukuu nikampeleka kwa shangazi yake.

Aluminiamu siitukani. Mchwa hali aluminiamu, na bafuni tuliiweka. Lakini dirisha la kusukuma hufunguka nusu tu, nusu nyingine ni kioo juu ya kioo. Mabawa yangu ya mbao yanafunguka yote, na kwa joto la Mabogini nusu ile naihesabu. Nyavu za mbu tumezigongomea ndani kwa vipande vya mbao vinavyong'oka kwa kuoshwa. Gharama yote ilifika kama theluthi moja ya ile niliyotajiwa, pamoja na dirisha la sebuleni, ambalo ni la paini na tayari limeanza kujikunja.

Sasa, Ndugu Mwenyekiti, nimeona kwenye ratiba kwamba kesho tutaombwa kuchangia kung'oa madirisha yote ya mabweni. Sijasema yasing'olewe. Lakini jana jioni nilipita bweni langu la zamani, nikaona yamebanduka rangi, na saruji yake ya chini imeinamia ndani. Sijui ni mbao gani. Bisibisi ninayo mfukoni. Kesho saa tatu asubuhi, kabla ya mechi, nitakuwa pale, na naomba vijana wawili wanisaidie kubeba ngazi.